Sahani ya bi mkubwa

Jamani hili jambo limenikaa rohoni tangu Jumanne, acha niliandike nipumue. Yule bi mkubwa wa chumba cha mwisho kule kazini, wa chai ya rangi, mnamjua, juu ya kabati lake ana sahani ya buluu na nyeupe. Ni delft, udongo uliopakwa weupe, ya hapa hapa Bristol, Uingereza, ya karne ya 18, imechorwa mzee wa Kichina anavua samaki chini ya mti, na ukingoni imebanduka banduka mpaka udongo wa ndani unaonekana. Mimi napangusa vumbi zangu, mwanawe akaingia, akaniambia polepole, neno kwa neno, kama anaongea na mtoto: "Hiyo si sahani ya kulia."

Si sahani ya kulia. Nikamjibu tu sawa.

Wiki hii mdogo wangu kaposwa huko Lamu, kazini tumeletewa meneja mpya, na mimi niko kwenye basi namjibu yule bwana kichwani, kila siku jibu jipya. Kwamba mimi nimelelewa nyumba ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, bibi alipanga sahani zake za buluu humo na hakuna mtoto aliyethubutu kunyoosha mkono. Kwamba kwetu pwani vyombo vya China vilijengewa makaburini, na kwenye magofu ya Gedi wamefukua vipande chungu nzima vya kabla Bristol haijachoma hata kimoja. Kwamba hiyo ya mamako inaiga China hiyo hiyo, maana Waingereza walikuwa hawajaijua siri ya kauri, wakachukua udongo wao laini wakaupaka maji ya risasi na bati, ukichomwa unatoka mweupe unameta. Na ufundi wenyewe waliletewa na wafinyanzi kutoka Antwerp waliofikia Norwich mwaka 1567, wageni watupu, wageni kama mimi!

Halafu jana, zamu ya usiku, bi mkubwa usingizi umemgomea, akaniomba nimpe sahani yake pale kitandani. Akaigeuza, akanishika kidole akakipitisha kwenye alama tatu ndogo za nyuma, akasema hapa ndipo ilipokalia vigingi ndani ya tanuri. Akanionyesha mshipi wa kuvulia wa yule mzee wa Kichina, mstari mwembamba kama unywele umepigwa mara moja tu, maana rangi ikigusa ule weupe ambao haujachomwa inanyonywa pale pale, hakuna kufuta. Nami nikamsimulia zidaka za bibi, akataka kujua zilikuwa ngapi, zimepangwaje, nani karithi sahani, tukaongea mpaka karibu alfajiri. Nimefurahi jamani, nimefurahi mpaka saa hii.

Ila mama hapokei simu tangu jana na dawa zake za presha zilikuwa zinaisha Ijumaa, harusi imewachanganya wote pale nyumbani. Aliye karibu apite amgongee mlango, tafadhalini.