Waliniambia niache tu, maua yatakuja yenyewe

"Usifyeke, asili itajipanga yenyewe." Ushauri huo nilipewa na watu watatu nilipotaka maua ya porini yaote kando ya barabara, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika fyekeo. Nikautii msimu mzima kwenye ukingo wa barabara, kama mita 200 hivi. Nilichovuna ni nyasi za kunifika kifuani, zimelaliana kama godoro lililolowa, na chini yake hakuna hata ua la kusingizia.

Kosa la pili ni la ujuaji wangu. Nikaona udongo umechoka, nikamwaga samadi, nikatawanya pakiti za mbegu za maua mchanganyiko. Weee! Rangi za kila aina, watu wanasimama kupiga picha, nami napitapita pale kama mtu aliyepotea njia. Msimu uliofuata hakuna kitu. Yale maua yalikuwa ya mwaka mmoja, yanataka udongo uliotifuliwa upya, na mengi hata hayakuwa ya eneo letu. Zilizobaki ni nyasi, zimenona, zimeshiba samadi yangu.

Aliyenizindua ni nyuki. Kuna sehemu ambayo wajenzi wa barabara walimwaga udongo wa chini, mkavu, wenye changarawe. Niliudharau kiasi cha kuunyima samadi. Maua yalikuwa hapo, na hakuna aliyeyapanda! Nikachuchumaa. Ardhini palikuwa na vitundu kama vilivyotobolewa kwa penseli, na nyuki mdogo akatua, chavua ya manjano imejaa miguuni, akazama ndani. Hawa hawana mzinga, kila jike huchimba tundu lake. Kumbe adui ni rutuba: nyasi zikishiba hurefuka na kumnyima jua kila jirani.

Basi kazi ikawa kuinyima ardhi chakula. Nafyeka baada ya mbegu kukomaa na kupukutika, naziacha nyasi chini siku mbili tatu wadudu wahame, halafu nazikusanya zote kwa reki na kuziondoa. Ukiziacha zioze palepale umeirudisha mbolea uliyokuwa unaikimbia. Gharama? Reki, na mgongo wangu. Mashine niliazima, mafuta sikuyahesabu na sitaki kuyahesabu.

Sehemu moja kati ya tatu naiacha bila kufyeka, kwa zamu. Mayai ya vipepeo na viwavi vyao vinakaa kwenye mabua hayohayo unayoyaita takataka.

Mbegu nazo sinunui tena. Nilichuma kwenye ile changarawe, nikaziweka kwenye mfuko wa karatasi (wa plastiki huzipa ukungu), nikakwangua nyasi hadi udongo ukaonekana, nikamwaga, nikazikanyaga. Sikuzifukia. Mbegu nyingi za maua haya ni ndogo mno, ukizifukia umezizika.

Sasa malalamiko. "Pamekuwa pori." "Mnafuga nyoka." Nikajieleza hadi koo likakauka. Siku moja nikafyeka mstari wa mita moja kando ya lami, umenyooka kama umepigwa rula. Nyuma yake majani yaleyale, marefu vilevile. Jirani aliyekuwa akinisema zaidi akanishika mkono kunipongeza kwa kusafisha. Nikapokea pongezi.

Kwenye kona na makutano lakini sina mzaha, nafyeka chini kabisa kila yanapoota, dereva aone. Na kizibao cha kung'aa vaa, ukiinama na reki hakuna anayekuona. Ruhusa ya wenye barabara niliiomba mapema, maana mashine yao ingepita siku moja tu ikamaliza kila kitu.

Huu ni mwaka wa nne. Changarawe imepata wenzake, na asubuhi ndege wadogo wananing'inia kwenye vichwa vya maua yaliyokauka wakidonoa mbegu. Wawili kati ya wale washauri wangu watatu walipita juzi, wakasimama, wakatazama.

"Unaona? Si tulikuambia uache tu?"