Bamba moja la Ingres

Usiku huu nimekaa tena na Askofu Pressigny. Nimeikuza picha yake mpaka uso umejaa kioo chote cha kompyuta, nikaanza kufuata mstari mmoja mmoja kama mtu anayetafuta nyayo mchangani.

Ni kazi ya Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres, aliyoifanya Roma mwaka 1816. Ingres aliishi miaka 86, akachora mamia ya nyuso kwa penseli. Lakini picha ya kuchora kwenye bamba la shaba na kuliwa na tindikali, aliifanya hii tu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Miaka ile mambo yalikuwa yamembana. Utawala wa Napoleon umeanguka, maofisa wa Kifaransa waliokuwa wakimpa kazi wameondoka Roma, na nyumbani ana mke, Madeleine. Akawa anachora wasafiri, wengi wao Waingereza, kwa penseli, ili mkono uende kinywani. Kazi hiyo ilimuuma, maana alijihesabu mchoraji wa picha kubwa za historia. Mimi zile ndogo nazipenda kuliko makubwa yake yote. Pressigny naye alikuwa balozi wa Mfalme Louis wa 18 kwa Papa.

Penseli ni alama nyeusi juu ya weupe, na ukikosea unafuta. Shaba ni kinyume chake. Bamba hupakwa nta, hufukizwa moshi mpaka liwe jeusi, kisha sindano huchana nta ile, na kila inapopita shaba inang'aa. Kwa hiyo mchoraji anachora mwanga juu ya giza. Tena anachora uso uliogeuka, kwa sababu karatasi ikishagandamizwa kwenye bamba lenye wino, kushoto huwa kulia. Halafu tindikali inakula pale palipo wazi. Ukiiacha izidi, unywele unakuwa mfereji.

Yote hayo yalikuwa mageni kwa mkono wake, na bado mstari ni uleule wa penseli zake, mwembamba, umetulia, hauna papara. Alikuwa mwanafunzi wa mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David, na kwao mstari ndio uliobeba kila kitu. Nimetafuta mahali aliposita. Sijapaona.

Mwezi uliopita nilimchora Bibi. Chini ya jicho la kushoto, pale ngozi inapokunjamana akicheka, nilifuta na kurudia, nikafuta tena, mpaka karatasi ikatoka nyuzi. Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, unanitafuta wapi humo?" Sikuwa na jibu. Nadhani nilikuwa nimeacha kumtazama yeye, nikawa natazama makosa yangu.

Kesho ameniambia niwahi, kabla jua halijafika barazani. Raba nimeitoa mfukoni, nimeiweka kwenye droo. Nitakwenda na kalamu ya wino.