Kumchagua mtoto wa Labrador atakayefanya kazi ya kutafuta

Huko Marekani wapo watu ambao kila majira ya baridi yanapokwisha huingia porini na mbwa wao kutafuta pembe zilizoanguka. Wanyama wa jamii ya ayala, ambao huku kwetu hatunao, huota pembe za mfupa na kuziangusha kila mwaka. Wale wenye mkia mweupe huziangusha zaidi kati ya Desemba na Machi, na pembe hulala kwenye majani makavu yanayofanana nayo kwa rangi, hata mtu anaweza kuipita hatua mbili bila kuiona. Mbwa wa aina ya Labrador hutumika sana katika kazi hiyo. Shemeji yangu anayeishi Wisconsin ndiye aliyenieleza jinsi wanavyomchagua mtoto wa mbwa kwa kazi hiyo, na kadiri alivyokuwa akieleza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mbwa ninayemhitaji hapa Moshi ni wa namna ileile, ingawa kitakachotafutwa ni kitu kingine.

Pembe kwetu haziokotwi. Swala, pofu, kongoni na nyati hawaangushi pembe, kwa kuwa pembe zao zina kiini cha mfupa kilichoungana na fuvu, na hukaa nazo maisha yao yote. Ukiikuta pembe ya mmoja wao porini, ujue mwenyewe amekwisha kufa. Tena pembe hiyo ni nyara ya Serikali, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukaa nayo bila kibali, hata kama ameiokota tu njiani. Mbwa ninayemtaka mimi ni wa kutafuta vitu vilivyopotezwa na watu: mkasi wa kupogolea mibuni, funguo, simu iliyodondoka mferejini, mundu uliosahaulika jioni. Anayekijua kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba ya Mchaga, anaelewa ninachosema, kwa sababu chini ya migomba pametandazwa majani na magome yaliyokatwa, na kitu kikishaanguka humo hufunikwa siku ileile. Mbwa anaweza kufundishwa kufuata harufu ya binadamu iliyobaki kwenye kitu na kukionyesha au kukileta, na mbwa wa polisi hufanya kazi hiyohiyo wanapotafuta vitu vilivyotupwa na wahalifu.

Labrador anaifaa kazi hii kwa asili yake. Mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, waliosaidia kuvuta nyavu na kurudisha samaki waliochomoka. Walipopelekwa Uingereza katika karne ya 19, mabwana wa huko wakawaendeleza kwa kazi ya kuleta ndege waliopigwa risasi, na mwaka 1903 wakatambuliwa rasmi kuwa aina inayojitegemea. Katika muda huo wote waliochaguliwa kuzalisha ni wale wenye hamu ya kuleta kitu na mdomo laini usiokiharibu. Hata hivyo, siku hizi ndani ya aina hii zipo koo mbili: ukoo wa maonyesho, wenye kifua kipana, miguu mifupi na utulivu mwingi, na ukoo wa kazi, ambao ni mwembamba zaidi, mwepesi na asiyechoka upesi. Kwa kutafuta, mimi ningemchagua wa ukoo wa kazi bila kusita, mradi mwenye nyumba awe na muda wa kumshughulisha, maana mbwa huyo akikosa kazi atajitafutia mwenyewe kwenye viatu na kamba za nguo.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba swali la kwanza la wanunuzi wengi ni rangi. Rangi haina uhusiano na pua. Inafaa kwa jambo moja tu, nalo ni kupima ukweli wa muuzaji: wazazi wawili wa rangi ya njano huzaa watoto wa njano pekee, kwa hiyo ukionyeshwa mtoto mweusi na kuambiwa kwamba baba na mama yake wote ni wa njano, uliza upya baba yake ni nani. Baada ya hapo iache rangi, uwaangalie wazazi. Mama wa watoto ni lazima umwone kwa macho yako, umtazame anavyompokea mgeni, anavyotembea na anavyonyanyuka baada ya kulala. Labrador wana udhaifu wa kurithi wa nyonga na viwiko, na mbwa anayenyanyuka kwa shida akiwa bado kijana hafai kuzalishwa hata awe mpole namna gani. Uliza pia kama wazazi waliwahi kuishiwa nguvu za miguu ya nyuma baada ya kukimbia sana, kwa sababu upo ugonjwa wa kurithi wa namna hiyo katika aina hii, na kwa joto la hapa mjini mwezi Februari sitaki kuuona kwa mbwa wangu. Wafugaji niliozungumza nao hawakuwa na picha za eksirei za nyonga. Basi jicho la mnunuzi pamoja na la daktari wa mifugo yanapaswa kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Baada ya wazazi ndipo nikawageukia watoto, kwa mama mmoja mfugaji wa mtaa wa Shanty Town hapa Moshi aliyekubali niwajaribu walipofikisha wiki saba. Niliomba wajaribiwe mmoja mmoja, mahali ambapo hawajawahi kucheza, kabla ya kula. Mtoto akiwa pamoja na wenzake huwezi kujua kama anakwenda kwa hiari yake au anawafuata ndugu zake.

Kwanza nilirusha karatasi iliyofinyangwa. Karibu wote waliikimbilia, lakini waliorudi nayo kuelekea kwangu walikuwa wachache, na tofauti hiyo ndiyo niliyoitafuta. Kisha nikawapa funguo zilizofungwa pamoja. Mbwa wengi hawapendi kushika chuma kwa meno, na mtoto anayekubali kunyanyua kitu kigumu na baridi bila kushawishiwa amekupunguzia miezi ya mafunzo. Wale wa Marekani nao wana jambo linalofanana na hili: huanza kumfundisha mtoto kwa pembe bandia ya mpira laini, kwa sababu akichomwa mdomoni na ncha ya pembe halisi mara ya kwanza, anaweza kuiogopa pembe muda mrefu. Nilidondosha pia mfuniko wa sufuria sakafuni. Kushtuka si kosa. Nilichoangalia ni muda anaouchukua mtoto kabla ya kurudi kuunusa.

Jaribio lililoamua lilikuwa la glavu ya ngozi, iliyochakaa kwa kazi, niliyoificha nyuma ya chungu cha maua mtoto asipoona. Dume mkubwa, ambaye kila mgeni alimsifu, alizunguka mara moja, akanitazama, kisha akaenda kulala kivulini. Jike mmoja mdogo alipita chungu kwa kasi, akafika karibu na ukuta, na hapo upepo mwepesi ukamjia usoni. Alisimama ghafla kama aliyevutwa kamba. Kichwa kikaenda kushoto, kikarudi kulia, pua ikashuka mpaka ikagusa saruji, kisha akaanza kurudi kwa mwendo wa nyoka, kila mzunguko ukiwa mfupi kuliko uliotangulia, hadi akaingia nyuma ya chungu na kutoka akiikokota glavu iliyokuwa karibu ndefu kama yeye. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule kuutumia upepo. Niliificha tena mbali zaidi, akaikosa, akarudi mahali alipoanzia, akaanza upya.

Mama mwenye nyumba alikuwa akitazama kutoka barazani. "Baba, mbona unamwacha yule mkubwa? Kila anayekuja anamtaka yeye."

"Ni mzuri sana, mama. Ila kitu kikifichika anakata tamaa upesi."

"Basi huyo ndiye wako," akasema. "Huyo tangu afumbue macho ni yeye na kiatu, kiatu na yeye."

Maneno yake nayachukulia kwa uzito kuliko majaribio yangu yote, kwa sababu mtoto wa mbwa anaweza kuamka na usingizi au na tumbo linalouma siku unayomjaribu, lakini mtu aliyewalea kila siku anaijua tabia ya kila mmoja. Nilimchagua yule jike.

Alikuwa pia mlafi, jambo ambalo kwa mafunzo ni baraka, kwani atafanya kazi kwa kipande kidogo cha maini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza mwaka 2016 kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro ya jeni inayomwongezea hamu ya kula. Chakula chake kitapimwa kwa hiyo, kwa sababu uzito wa ziada huziumiza nyonga ambazo tayari ni dhaifu.

Tulikubaliana nimchukue akitimiza wiki nane, akiwa na kadi ya chanjo na dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifikisha miezi mitatu. Kupe atakaguliwa kila jioni, masikioni na katikati ya vidole, kwa kuwa magonjwa yanayoletwa na kupe huwamaliza mbwa wengi wa huku. Mafunzo yatakuwa asubuhi na mapema, majani yakiwa bado na umande, wakati harufu inapokaa vizuri chini na mbwa hajaanza kuhema kwa joto. Kuruka juu ya mifereji kutasubiri mpaka mifupa ikomae, baada ya mwaka mmoja au zaidi. Kwa miezi ya mwanzo kitu cha kutafutwa kitakuwa glavu ileile, ambayo mama yule ameniruhusu niiache kwenye kikapu cha watoto mpaka siku ya kumchukua.