Kipima mvua cha Kasese: faili zinakwama kwenye swali la ufunguo wa seva

Jumatatu. Tangu nihamishie kazi ya usiku kwenye cron, programu inayoendesha kazi zenyewe kwa saa zilizopangwa, faili za mvua hazifiki kwenye seva ya Kampala. Kipima mvua ni kizima, umeme upo, na kompyuta ndogo inaandika kila saa. Skripti nikiiendesha kwa mkono inapeleka faili bila shida. Cron ikiiendesha, logi (faili ya kumbukumbu za kazi) inabaki na mstari mmoja: `Host key verification failed.`, yaani ukaguzi wa ufunguo wa seva umeshindwa.

Jumanne. Chanzo nimekipata. Ssh, programu inayounganisha mashine mbili kwa usalama, ikikutana na seva ngeni huonyesha alama ya ufunguo wake (mfuatano mfupi unaoutambulisha) na kuuliza kama iendelee. Ukijibu `yes`, ufunguo unaandikwa kwenye `~/.ssh/known_hosts` na hutaulizwa tena. Ila jibu hilo ni la mtumiaji aliyelitoa peke yake. Mimi nimeshajibu kwa akaunti yangu, lakini cron inaendesha kazi hii kama root, akaunti ya msimamizi mkuu wa mashine, na root ana `known_hosts` yake, tena tupu. Usiku hakuna mtu mbele ya kibodi, kwa hiyo ssh inakataa. Kuliona tatizo lenyewe mchana inatosha kuandika `sudo sftp -o BatchMode=yes -P 2222 mvua@seva-ya-mvua`: `sudo` inaendesha amri kama root, `sftp` inapeleka faili kupitia ssh, na `BatchMode=yes` inaizuia kuuliza chochote.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuweka `StrictHostKeyChecking=no`, yaani kuzima ukaguzi wa ufunguo. Siuwezi. Tatu Ylönen alianzisha SSH mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake huko Finland, na ukaguzi huu ndio unaokuhakikishia mashine unayozungumza nayo. Ukiuzima, seva bandia inaweza kupokea faili zetu zote, na skripti ikaandika kwamba zimefika salama. Takwimu hizi tunazikusanya kwa sababu ya Mto Nyamwamba wa hapa Kasese, uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020 ukaharibu hospitali ya Kilembe. Sitaki ziende kusikojulikana. Kuweka `accept-new` badala ya `no`, chaguo lililoingia mwaka 2017 kwenye toleo la 7.6 la OpenSSH (programu ya ssh inayotumika sana), ni afadhali: inapokea seva mpya na kukataa ufunguo uliobadilika. Hata hivyo, mara ya kwanza inaamini tu.

Jumatano. Nimempigia anayetunza seva. Akiwa kwenye seva yenyewe ameandika `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`. Huku kwangu:

`ssh-keyscan -p 2222 -t ed25519 seva-ya-mvua > /tmp/ufunguo`
`ssh-keygen -lf /tmp/ufunguo`

Akaanza kunisomea alama yake nilinganishe na yangu. Nikamwambia: “Kaka, soma polepole, na herufi kubwa uzitaje.” Baada ya `SHA256:` kuna herufi na alama 43, na kubwa si sawa na ndogo. Tumezipitia zote hadi mwisho, zimelingana. Simu hii ndiyo kazi yenyewe, maana `ssh-keyscan` haithibitishi chochote. Inaleta ufunguo wowote itakaopewa.

Mstari uliomo kwenye `/tmp/ufunguo` nimeuongeza kwenye `/etc/ssh/ssh_known_hosts`, faili inayosomwa kwa watumiaji wote wa mashine, ili akaunti ya cron ikibadilika tusirudi hapa. Angalia na mlango (port): seva isiyotumia mlango 22, ule wa kawaida wa ssh, huandikwa `[seva-ya-mvua]:2222`. Jina likiwa peke yake, ssh itaihesabu seva kuwa ngeni.

Alhamisi. Faili zimefika, pamoja na zile zilizokuwa zimelundikana.

Seva itahamishiwa mashine mpya. Tumekubaliana alama mpya nisomewe kabla ya kuhama, kisha nifute ya zamani kwa `ssh-keygen -R '[seva-ya-mvua]:2222' -f /etc/ssh/ssh_known_hosts`. GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo ya programu, walipobadilisha ufunguo wao wa aina ya RSA tarehe 24 Machi 2023, baada ya sehemu yake ya siri kuonekana hadharani kwa muda mfupi, walitangaza alama mpya ili watu walinganishe. Sisi ni wawili tu, simu inatutosha.

Kilichobaki ni skripti kunitumia ujumbe `sftp -b` inaposhindwa. Kwa sasa kosa linaishia kwenye logi, na logi siifungui kila asubuhi.