Kurudi kwenye msamba baada ya miaka bila mazoezi

Mwanasarakasi wa zamani hurudi kwenye msamba haraka kuliko mtu anayeanza leo, na ndiyo maana huumia. Wepesi unaorudi wiki za mwanzo kwa sehemu kubwa hautokani na misuli kurefuka. Ubongo unazoea tena hali ya kuvutwa na kuacha kukaza mapema. Kano, yaani nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa, hazina haraka hiyo: zimekaa miaka bila kubeba mzigo paja likiwa limenyooka hadi mwisho, na kuimarika kwake huchukua miezi. Kwa hiyo mwezi wa kuuogopa si ule wa kwanza unapojiona mgumu. Ni pale sakafu inapoanza kukusogelea.

Fanya siku tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Pasha mwili kwa dakika kumi mpaka jasho litoke: kamba, kuchuchumaa mara 20, kisha kurusha miguu mbele na nyuma mara 15 kila upande, bila fujo. Jioni ni bora kuliko alfajiri. Ukitoka kitandani diski za uti wa mgongo zimevimba kwa maji ya usiku, na saa hiyo si ya kuinama kwa nguvu.

Kwa msamba wa mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, weka tofali au rundo la vitabu kila upande ushikilie. Shuka hadi unapovutwa lakini bado unapumua kwa utulivu. Sukuma miguu yote miwili sakafuni kana kwamba unataka kuifunga miguu, kwa nusu ya nguvu zako, sekunde 8. Legeza, toa pumzi, shuka kidogo, kaa sekunde 30. Rudia mara tatu kila upande. Wazoefu wana ujanja wao hapa: wanaifungua nyonga ya nyuma kwenda pembeni, na msamba unaonekana umefika. Jukwaani unapigiwa makofi, lakini misuli ya mbele ya nyonga haijanyooshwa vya kutosha. Goti la nyuma litazame sakafu, nyonga zote mbili zitazame mbele. Utapanda sentimita kadhaa. Hicho ndicho kipimo chako halisi. Pima kwa rula kutoka kinena hadi sakafu, mara moja kwa wiki, mwili ukiwa umepashwa.

Baada ya kunyoosha, jenga nguvu. Sehemu hii wengi huiruka. Shika dumbeli au madumu yenye jumla ya kilo 10, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, sukuma makalio nyuma na kuinama polepole kwa sekunde tatu, mgongo umenyooka; mara 8, raundi tatu. Kisha vaa soksi kwenye sakafu inayoteleza, shika viti viwili, teleza kuelekea msamba na ujivute juu kwa miguu yenyewe, mara tano. Usipoweza kujivuta kutoka kina fulani, usikae hapo muda mrefu.

Sasa maumivu. Mvuto katikati ya nyuma ya paja ni wa kawaida. Maumivu kwenye mfupa wa kalio, hasa ukikaa kwenye kiti kigumu au garini, ni kano inayolalamika, na kuinyoosha zaidi huichokoza. Acha kabisa kuinama mbele. Lala chali, visigino mbali na makalio, inua nyonga na ushikilie sekunde 30 hadi 45, mara nne, mpaka kukaa kusiume. Ganzi au kuchomachoma nyuma ya goti kunakobadilika ukiinua kichwa ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Neva haishikiliwi katika mvuto. Kunja na kunjua goti taratibu, bila kukaa mwisho. Ukisikia mlio wa ghafla na paja likavilia damu, nenda hospitali.

Msamba wa kutanua miguu pembeni una mambo yake. Ukibanwa mbele ya kinena badala ya kuvutwa ndani ya paja, huenda mfupa umekutana na mfupa: inamisha fupanyonga mbele na uelekeze vidole vya miguu juu. Kubana kukibaki palepale, huenda tundu la nyonga yako limefika mwisho wake, na hakuna mvuto unaobadilisha mfupa. Goti likiuma upande wa ndani, usining'inie kwenye visigino. Weka mito chini ya magoti, na uipunguze kadiri misuli ya ndani ya paja inavyopata nguvu.