TB ilivyonikuta nikiwa kwenye dawa za kushusha kinga

Naandika kwa ajili ya wagonjwa wenzangu wa baridi yabisi, lupasi (kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe) na figo, hasa sisi tunaoishi mbali na madaktari bingwa. Mimi nipo Ujiji, na daktari wangu wa viungo yuko Mwanza. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nameza prednisoloni miligramu 10 kila asubuhi na methotreksati mara moja kwa wiki. Dawa hizo ndizo zilizonirudisha kwenye biashara yangu ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, baada ya vidole kukakamaa hata kufunga gunia nikashindwa. Ila zinatuliza viungo kwa kushusha kinga ya mwili, na kinga hiyohiyo ndiyo inayovizuia vimelea vya TB visiamke.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu duniani wameambukizwa vimelea hivyo. Wengi wanaishi navyo hadi uzeeni bila kuugua. Kwetu tunaomeza dawa hizi hatari ni kubwa zaidi, na inapanda kadiri dozi ya prednisoloni inavyopanda. Wanaochomwa infliximab au adalimumab, sindano nyingine za kushusha kinga, wako kwenye hatari kubwa kuliko sisi, ndiyo maana wanatakiwa kupimwa TB kabla ya sindano ya kwanza.

Ugonjwa wangu ulikuja kimyakimya. Prednisoloni hushusha homa na huongeza hamu ya kula, kwa hiyo sikuchemka kama mgonjwa wa TB anavyotarajiwa kuchemka, na chakula nilikula. Nilichokiona ni gauni kulegea kiunoni, jasho la usiku, na kikohozi ambacho hakikushtua mtu. Kituo cha kwanza nilichokwenda walinipima malaria, wakanipa antibayotiki. Kikohozi kilipopita wiki mbili, mama mkubwa alisema, "Mwanangu, hapa tunakwenda kutoa makohozi," akanisindikiza mwenyewe. Mashine ya GeneXpert ilionyesha TB, na ikaonyesha pia kwamba si ile sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB.

Muuguzi wa kliniki ya TB, kabla hajanipa kidonge hata kimoja, aliniuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia nyumbani?" Nikamtolea daftari langu la kliniki ya viungo. Alilisoma, akamwita daktari wa zamu, na daktari akampigia simu mwenzake wa Mwanza nikiwa nimekaa palepale. Naamini simu ile ndiyo iliyoniokoa, maana matibabu ya TB na ya viungo yanaingiliana sana.

Rifampisini hulifanya ini livunje prednisoloni haraka, hivyo dozi uliyoizoea inakuwa kama umepunguziwa. Mimi nilipandishiwa hadi miligramu 20, na hata hivyo wiki za mwanzo magoti yalivimba. Methotreksati ilisimamishwa, kwa sababu ini lilikuwa tayari na kazi ya kubeba dawa za TB, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, kwa pamoja. Walinipima ini mara kwa mara, wakanipa na vitamini B6 kuzuia ganzi ya miguu inayoletwa na isoniazidi. Wanawake wenzangu, jambo hili halisemwi vya kutosha: rifampisini hudhoofisha pia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo ulizieni njia nyingine mapema.

Jirani mmoja alinishauri kwa nia njema niache prednisoloni yote, kwa kuwa ndiyo "iliyoniletea TB". Nilimuuliza muuguzi, akanieleza kwamba mtu aliyeimeza muda mrefu, tezi zake zilizo juu ya figo huwa zimezoea kupumzika. Akiikata ghafla, shinikizo la damu linaweza kushuka vibaya, akaanguka na hata kufa. Hupunguzwa taratibu, kwa maelekezo ya daktari.

Mama mkubwa ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Kila asubuhi alisimama hadi nimeze, naye alikuwa wa kwanza kunituliza mkojo ulipogeuka rangi ya chungwa, jambo la kawaida kwa rifampisini. Matibabu yenyewe ni miezi 6: 2 ya dawa nne, 4 ya dawa mbili. Dawa za TB hutolewa bure, nami nauli ya Mwanza ilinitosha kwa mzigo. Mjukuu wake wa miaka mitatu, ambaye tunalala naye nyumba moja, alichunguzwa, akaonekana hana ugonjwa, akaanzishiwa dawa ya kinga. Watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa wana haki hiyo, iombeni.

Mwisho wa matibabu una mtego ambao wachache huambiwa. Rifampisini ikisimama, nguvu yake kwenye ini huisha baada ya wiki mbili hivi, na prednisoloni iliyopandishwa inaanza kuwa nyingi mno mwilini. Kwa hiyo nilipiga simu Mwanza kabla sijamaliza vidonge vya mwisho, tukapanga namna ya kushuka hadi miligramu 10. Methotreksati nilirudishiwa baadaye, kwa dozi ndogo, majibu ya ini yalipotoka safi.