Uso Tusioonyeshwa

Mwaka 2016 baba alishuka Dar es Salaam kutoka Moshi kupasuliwa mtoto wa jicho. Alipopona nikamwambia kuna Ben-Hur mpya sinema. Alipiga pasi shati lake la Jumapili mwenyewe.

Ile ya zamani, ya mwaka 1959, aliyoiongoza William Wyler, tuliitazama kwenye ukumbi wa parokia kila Pasaka, kwa deki na kanda mbili. Saa tatu na nusu, na watoto hatukutoka nje. Tulikuwa tunasubiri Nazareti. Yuda Ben-Hur yuko kwenye minyororo, kiu imemwangusha, na askari wa Kirumi amekataza asipewe maji. Mtu anakuja, anamnywesha. Tunaona mgongo wake tu, na nywele. Askari anamjia kwa ukali, anautazama uso ule ambao sisi hatuonyeshwi, na ukali unamwisha. Anageuka aende zake, kisha anatazama nyuma tena. Hapo baba alikuwa akitushika mabega: "Mwangalieni askari."

Katika hii mpya Yesu alitokea mapema, uso wazi, yuko kwenye useremala wake, anafundisha kupenda adui. Baba akaniinamia. "Huyu nani?" Nikamwambia. Akanyamaza.

Mbio za magari ya farasi zilitupita kwa kelele, picha zikikatwa upesi mno hata usiwaone farasi vizuri. Wyler aliziacha bila muziki, kwato na magurudumu tu, moyo ukakudunda. Lakini kilichoniuma zaidi ni Messala, rafiki wa Yuda aliyegeuka adui yake. Zamani alikufa na chuki yake, na Yuda akabaki na ya kwake, akaibeba mpaka Kalvari. Ndiyo maana ilipomtoka tulilia. Safari hii Messala alipona, wakakumbatiana, yakaisha. Mimi nilitaka sana kuamini msamaha ule, nikashindwa. Haukumgharimu mtu kitu.

Tulipotoka baba alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, watu wakitupita.

"Pale pa maji pamepita?"

"Pamepita, baba."

"Mimi sikumwona yule askari." Akajifuta jicho lililopasuliwa, taratibu, kwa pembe ya leso. "Labda macho bado."

Nikamshika mkono tushuke ngazi. Nikamwambia macho yake yamepona, baba, hata mimi sikumwona.